Mumbai Niliyoiona Nikitoka Lamu

Watu wengi wa pwani yetu wanaokwenda Mumbai siku hizi huenda kwa ajili ya matibabu, na wengi wao hurudi wakiwa wameijua hospitali, duka la dawa na chumba walichopanga, basi. Mimi pia nilikwenda kumsindikiza mama aliyekuwa akitibiwa macho, mwezi wa Mei, wakati kusi limekwisha kuanza kuvuma Lamu. Hata hivyo, siku ambazo daktari hakutuhitaji tulitembea, na mji ule, ambao wazee wetu waliuita Bombay na ambao rupia ya nchi yake ilitumika katika maduka ya pwani yetu hadi mwaka 1920, haustahili kujulikana kwa hospitali pekee.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni Haji Ali. Ni ziara, yaani kaburi linalozuriwa, la walii Pir Haji Ali Shah Bukhari, anayesimuliwa kuwa alikuwa mfanyabiashara tajiri akaiacha mali yake na kushika ibada. Ziara hiyo, ambayo asili yake ni mwaka 1431, imesimama juu ya kisiwa kidogo cha mawe, nayo huunganishwa na mji kwa njia isiyoinuka sana juu ya bahari, ambayo maji yakijaa sana huifunika na yakipwa huiachia. Tulipofika, mawimbi yalikuwa yameshaanza kurusha maji juu ya njia, na bado watu walikuwa wakiharakisha mbele, viatu mkononi na pindo za nguo zimeinuliwa. Mama hakumwuliza mtu. Alitazama mawe, akatazama alama ya unyevu ukingoni, akasema, “Mwanangu, maji yaja haya. Tukae tungoje.” Tulikaa mpaka yakapwa, na tulipovuka njia ilikuwa imelowa na ina utelezi wa mwani, kama ngazi za gati letu.

Mwaka 2012 wanawake walizuiwa kuingia chumba cha kaburi, hadi Mahakama Kuu ya Bombay ilipohukumu mwaka 2016 kwamba waingie sawa na wanaume. Kwa hivyo mama alisoma Fatiha yake akiwa ndani, nami namshukuru Mungu kwamba hatukufika katika miaka ile. Uani palikuwa na waimbaji wa qawwali, nyimbo za ibada za Kisufi, wameketi chini na kinanda na ngoma zao, na mama, ambaye hakosi Maulidi ya Lamu, aliwasikiliza kwa muda mrefu bila kuelewa neno na bila kutaka kuondoka.

Kituo kikuu cha treni, Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, kiliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2004, miaka 3 baada ya mji wetu. Ni jengo zuri mno, lakini umati wake ulituzidi nguvu, tukatoka upesi. Nje tulinunua vada pav, ambayo kwa mtu wa pwani ni kachori iliyotiwa ndani ya bofulo pamoja na chatine kali, na tulishiba kwa pesa kidogo.

Alfajiri moja nilikwenda peke yangu Sassoon Dock, bandari ya wavuvi iliyofunguliwa mwaka 1875. Wanawake wa Kikoli, ambao jamaa zao waliishi katika visiwa vile kabla ya Mumbai kuwa mji, ndio wanaoendesha biashara pale: wanapanga bei kwa sauti, wanamenya kamba kwa kasi ambayo jicho haliifuati, na mwanamume anayezuia njia kwa kapu lake huondolewa kwa bega. Kila mtu alikuwa na haraka, kwa maana kuanzia Juni 1 hadi Julai 31 serikali hufunga uvuvi wa vyombo vya mashine ili samaki wazaane, na pia kwa sababu bahari huchafuka. Kinachoichafua ni upepo wetu wenyewe: kusi linalowazuia wavuvi wa Lamu kutoka nje ya mlango wa bahari huvuka ikweta, hugeukia upande wa India, na hufika Mumbai mwezi wa Juni likiwa limebeba mvua.