Kompressor yangu imeamka
Jamani nina furaha, gari langu Mercedes SLK 230 Kompressor ya 1998 imeamka! Kiwandani zilitoka na hospawa 193 ila yangu hapa Tabora ilikua inajikokota, tuko juu kama mita 1,200 hewa nyepesi, vumbi ndo usiseme, mi nawaza tu puli ndogo (kigurudumu cha mkanda) ili supachaja, ile pampu ya kushindilia hewa kwenye injini, izunguke kasi zaidi isukume hewa nyingi. Fundi akanambia kaka tulia, kwanza turudishe nguvu iliyopotea. Na kweli, kufungua tu tukakuta hozi paipu ya intakula (kipoza hewa ya supachaja) imechanika, yani hewa ilioshindiliwa inaishia njiani, sensa ya hewa imejaa vumbi, plagi zimechoka, mkanda nao unateleza na supachaja inazungushwa na mkanda sio moshi wa ekzosi kama tabochaja, ukiteleza presha hamna. Tumebadilisha vyote.

Jana nimeipeleka barabara ya Nzega, nikakanyaga mafuta kidogo ikatoa ule mlio wake mwembamba, mgongo ukabanwa kwenye siti, aisee nilitamani kulia. Puli ndogo bado naitaka ila inaongeza joto na petroli lazima itoshe, kwahiyo naanza na intakula kubwa.