Vifungo vya Wifi Yangu na Sheria ya Risasi

Mwaka jana wifi yangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia pakiti ya vifungo vya mbao vilivyopakwa rangi kwa mkono, vyekundu na vya samawati, akitaka nivishone kwenye magauni ya kitenge ya watoto ninayouza sokoni hapa Columbus, Ohio. Vinapendeza mno. Hata hivyo, mpaka leo vimo ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, na kwa kuwa ameshaniuliza sababu mara tatu, nimeona niieleze hapa, kwani wako mafundi wengine wa kwetu wanaowashonea watoto huku Marekani bila kujua sheria inawadai nini.

Mwaka 2007 vitu vingi vya kuchezea watoto viliondolewa madukani nchini humu baada ya kugundulika kuwa rangi yake ina risasi, yaani ile metali yenye sumu, si risasi ya bunduki. Bunge likatunga sheria, na Rais George W. Bush akaitia saini tarehe 14 Agosti 2008. Sheria hiyo inahusu kila bidhaa iliyokusudiwa hasa mtoto wa miaka 12 au chini ya hapo, nguo zikiwemo. Kiwango cha risasi kilipunguzwa kwa awamu hadi kufikia sehemu 100 kwa milioni mwezi Agosti 2011, na kwa rangi ya kupaka ni sehemu 90 tu. Mtengenezaji alitakiwa pia apeleke bidhaa yake kwenye maabara huru inayotambuliwa na tume ya usalama wa bidhaa, CPSC, kisha atoe cheti.

Sina ugomvi na viwango hivyo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Ugomvi wangu ni na hesabu. Maabara hutoza kwa kila kipimo, si kwa kila nguo, kwa hiyo kiwanda kinachoshona gauni la aina moja mara elfu hamsini hakiisikii ada hiyo, ilhali mimi hushona magauni manane, kitenge chenyewe kikaisha, na mtindo unaofuata ukahesabiwa kuwa bidhaa mpya. Waliotunga sheria walikuwa na kiwanda akilini, na nadhani hawakumwona kabisa mtu mwenye cherehani moja na ovaloki (mashine ya kuziba kingo za kitambaa) ya mkopo.

Mambo yalirekebishwa polepole. Mwezi Januari 2009 CPSC iliahirisha sehemu kubwa ya masharti ya kupima, na mwezi Agosti mwaka huo ikakubali kwamba vitambaa vya kawaida, viwe vimetiwa rangi au la, havihitaji kupimwa risasi. Marekebisho ya mwaka 2011 yakamtambua mtengenezaji mdogo, yaani yule ambaye katika mwaka uliotangulia mauzo yake hayakuzidi dola milioni 1 (kiasi hicho hupandishwa kufuatana na mfumuko wa bei), wala hakutengeneza zaidi ya vipande 7,500 vya bidhaa ileile. Huyo hujiandikisha kila mwaka na kusamehewa baadhi ya vipimo vya maabara huru. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kilichosamehewa ni kipimo, si kiwango. Cheti bado unakitoa wewe, na kila nguo lazima iwe na alama ya kudumu inayoonyesha nani aliitengeneza, wapi na lini.

Kuhusu moto, kitambaa chenye uso usio na manyoya hakihitaji kupimwa kikiwa na uzito wa takriban gramu 88 au zaidi kwa mita mraba. Mimi huweka kanga nzima kwenye mizani ya jikoni: kanga ya mita 1.5 kwa 1.1 ikifika gramu 146, imepita. Nguo za kulalia zina masharti yake makali zaidi, kwani zisipoubana mwili wa mtoto kwa vipimo vilivyowekwa, kitambaa lazima kiwe cha kustahimili moto. Ndiyo maana sishoni vigauni vya kulalia vya kanga, ingawa huulizwa kila wiki. Kamba za kukaza kofia na shingo nimeziacha kabisa, kwa sababu watoto wamewahi kunyongwa nazo kwenye bembea za kuteleza.

Turudi kwenye vifungo. Cha kushangaza ni kwamba kanuni inayokataza vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto haigusi vifungo vya nguo. Kinachovikamata ni rangi. Msamaha wa mtengenezaji mdogo haufiki kwenye rangi ya kupaka, hivyo ingenipasa nipeleke maabara nyekundu na samawati, na ada yake ingemeza faida ya msimu mzima. Mbao tupu, kwa upande mwingine, haidaiwi kipimo cha risasi, wala maganda ya kokwa, kikiwemo kifuu cha nazi. Basi wifi, nitumie vya vifuu, vilivyosuguliwa tu, bila rangi wala vanishi, vya matundu manne.