Jumamosi Tuliyofunga Hesabu kwa Meza

Kila Mkenya aliyewahi kununuliwa viatu vya shule anajua kwamba bei za Bata huishia na tisa. Watu wakianza kusifu akili ya Tomáš Baťa, mwasisi wa kampuni hiyo, wengi huishia hapohapo kwenye tisa, au husimulia jinsi alivyokata bei nusu kwa nusu mwaka 1922. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine, hesabu ya kila idara peke yake, ambalo nililiona likifanya kazi Jumamosi moja ya Desemba 2017, katika karakana iliyo jirani na soko la Kariokor, Nairobi, nilikokuwa nashika daftari la hesabu.

Tulikuwa tunatengeneza viatu vyeusi vya kamba vya watoto, tukiwahi shule kufunguliwa Januari. Oda zilikuwepo na mafundi hawakuwa wavivu, lakini kila mwisho wa wiki sanduku lilikuwa jepesi. Mwenye karakana aliamua dawa ni kushusha bei ili auze zaidi. Aliyemzuia ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya viatu Limuru, ambaye alikuwa akija kutusaidia kuchonga kalibu za mbao, yaani maumbo ya mguu ambayo kiatu huundwa juu yake.

"Kijana," alimwambia, "Baťa alipokata bei, ghala lake lilikuwa limejaa. Lako lina nini?"

Ndipo akatueleza habari yenyewe kwa ukamilifu, si ile nusu inayosimuliwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sarafu ya Chekoslovakia, nchi ya Baťa, ilipanda thamani ghafla. Viatu vya kule vikawa ghali nje ya nchi, na vya ndani havikununulika kwa sababu watu hawakuwa na kazi. Tarehe 1 Septemba 1922 Baťa alishusha bei kwa asilimia 50. Siku hizohizo alipunguza mishahara kwa asilimia 40, ila akawauzia wafanyakazi chakula na mahitaji ya nyumbani kwa nusu bei, maisha yao yasianguke. Mzigo uliokuwa umelala ukaisha, kiwanda kikarudi kuhitaji watu. Anayekata bei leo bila mzigo uliolala na bila njia ya kushusha gharama anakata nyama yake mwenyewe.

Mzee alipendekeza tuanzie kwenye kile Baťa alichokijenga miaka michache baadaye, yaani hesabu ya kila karakana peke yake. Kuanzia 1924, kule Zlín, mji wa kiwanda chake, kila idara ya kiwanda ilihesabiwa kama duka. Ilinunua kazi kutoka idara iliyotangulia na kuuzia idara iliyofuata, kwa bei za ndani zilizopangwa mapema. Hesabu ilifungwa kila wiki. Wafanyakazi walipata sehemu ya faida ya idara yao, nusu mkononi na nusu ikibaki kampuni ikizaa riba ya asilimia 10. Wakuu wa idara walibeba na hasara pia.

Sisi tulikuwa na meza nne tu: kukata, kushona, kalibu na kumalizia. Tuliandika bei za ndani ukutani kwa chaki Jumatatu. Meza ya kukata ilinunua ngozi stoo kwa shilingi 160 futi mraba. Jozi moja ilipangiwa futi 2, kwa hiyo ngozi 320, bitana 40, mkono wa mkataji 50, na meza ya kushona ingeinunua seti hiyo kwa 410. Meza nyingine tulizipangia vivyo hivyo. Kanuni ya kubishana ilikuwa moja: meza inayopokea ina haki ya kukataa kazi mbovu, lakini ikishapokea, ubovu ni wake.

Kanuni hiyo ndiyo iliyofanya kelele. Zamani fundi wa kalibu akipewa kazi mbaya alinung'unika tu, kisha akaendelea. Wiki ile alirudisha jozi tisa kwa washonaji. Kila alipovuta ngozi kwa koleo ili ilale juu ya kalibu, ilipasuka kando ya mshono wa mbele. Washonaji wakalaumu ngozi. Mzee aliweka rula juu ya mshono na kuhesabu matundu sita kwa sentimita, yaliyotobolewa kwa sindano nene. Mishono ikibanana hivyo, ngozi huwa kama karatasi ya stempu, inangoja kuvutwa tu ichanike. Walirudisha mashine kwenye mishono minne kwa sentimita, wakabadilisha sindano, na siku zilizobaki hakikurudi kitu. Kasoro hiyo ilikuwepo tangu msimu uanze. Haikuwa na mwenyewe kwa sababu haikuwa na daftari.

Jumamosi mchana tukafunga hesabu. Jozi zilikuwa 120. Meza ya kukata ilitakiwa kutumia futi 240, ikatumia 276. Futi 36 za ziada mara 160 ni shilingi 5,760, hasara tupu, shilingi 48 kwa kila jozi. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, na mwenye karakana akamgeukia mkataji kwa macho makali.

Mkataji hakujibu. Alienda kwenye rundo la mabaki, akavuta vipande vikubwa na kuvitandaza chini. Hapa makovu ya kupe. Hapa alama ya chuma cha moto. Hapa, na hapa, na hapa, mikato ya kisu cha mchunaji iliyokula ngozi kwa ndani, ambayo huioni kwa juu mpaka uibinye.

Asiyejua kazi hii hudhani ngozi ni kitambaa. Sehemu ya mgongo na matako ni ngumu na haivutiki ovyo. Hapo ndipo hukatwa pua na uso wa kiatu. Ya tumbo hulegea, nayo hufaa ulimi na sehemu zisizoonekana. Ukikata pua kwenye tumbo, mtoto akivaa mwezi mmoja kiatu kinakunjamana kama cha babu yake. Basi kovu likiwa katikati ya mgongo, mkataji hana njia ila kulizunguka, na kila kulizunguka ni futi zinazokwenda kwenye takataka.

Mzee aliniomba nipige hesabu nyingine. Siku ya kununua, ngozi safi zaidi ilikuwepo kwa shilingi 180, ikaachwa. Futi 240 kwa 180 ni 43,200. Futi 276 kwa 160 ni 44,160. Ngozi ya bei nafuu ilikuwa imegharimu shilingi 960 zaidi, kabla hujahesabu muda wa mkataji kugeuzageuza ruwaza akitafuta pa kupita.

"Sasa hasara hii ni ya meza gani?" mzee aliuliza.

Stoo haikuwa meza. Ndilo pengo la mpango wetu: aliyenunua hakuwa na hesabu yake, kwa hiyo kila kosa la kununua lilishukia mkononi mwa mkataji. Nilifungua ukurasa wa tano, nikauandika "Stoo", nikahamishia 5,760 huko. Mwenye karakana, ambaye ndiye huenda kununua ngozi, alibisha sana. Alisema ni fedha zake, atamdai nani? Mzee akamkumbusha kwamba kule Zlín wakuu nao walikatwa, la sivyo hakuna mfanyakazi ambaye angeamini zile karatasi za kila wiki.

Mwishowe alikubali, shingo upande. Meza za kukata na kumalizia zilipata faida ndogo, zikagawana nusu papo hapo. Nusu iliandikwa daftarini mpaka mwisho wa msimu, bila riba, maana sisi hatukuwa na ubavu huo. Washonaji hawakupata kitu wiki ile. Jozi tisa ziliwagharimu, na hawakufurahi.

Kuhusu bei, tuliipunguza hatimaye kwa shilingi 50, baada ya gharama kushuka kwanza. Gundi ndiyo ilibaki kutusumbua. Soli ikibandikwa kabla gundi haijakauka juujuu, au ngozi isipokwaruzwa kwa msasa kwanza, hufunguka baada ya wiki mbili tatu, wakati hesabu ya wiki ile imeshafungwa na faida imeshaliwa. Mzee alitaka kila kiatu kigongwe muhuri wa wiki ndani ya ulimi, ili kikirudi kitozwe meza iliyokibandika. Fundi wa kalibu alikubali kwa sharti moja, naye kuruhusiwa kukataa oda za harakaharaka za Ijumaa jioni, na ubishi huo ulituchukua mpaka Januari.