Usiku wa Sanduku la Bati

Mama alipofanyiwa upasuaji wa jicho alikatazwa kusoma kwa wiki mbili. Kwake hilo lilikuwa gumu kuliko upasuaji wenyewe, maana halali bila kupitia japo ukurasa mmoja. Nikahamia chumbani kwake na kitabu nilichokuwa nimekianza siku hizo, The Moonstone cha Wilkie Collins. Kiingereza hakimwingii Mama, kwa hiyo nilimsomea huku nikitafsiri papo kwa papo.

Almasi inaibwa usiku ule ule binti aitwaye Rachel Verinder anapotimiza miaka 18, nyumba ikiwa imejaa jamaa na wageni. Baadaye waliohusika wanaombwa waandike kwa zamu, kila mmoja yale anayoyajua yeye mwenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kudokeza aliyokuja kuyajua baadaye.

Wa kwanza ni Betteredge, mzee wa zaidi ya miaka 70, msimamizi wa watumishi, ambaye likimfika zito hufungua riwaya ya Robinson Crusoe kutafuta ushauri. Nilimpa sauti nzito, ya kuvuta maneno, na Mama akampenda tangu sentensi za mwanzo. Zamu ilipomwangukia Bi Clack nikabadilisha sauti, na Mama akanikatiza.

"Yule mzee wangu yuko wapi?"

"Amemaliza zamu yake, Mama. Sasa ni huyu."

Bi Clack humwaga vijitabu vya dini kila pembe ya nyumba, kisha hujibanza nyuma ya pazia asikilize posa ya watu. Mama alimchukia waziwazi. Ila jioni ya pili alisema neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, huyu hadanganyi. Anaona kwa kijicho tu." Nikanyamaza kidogo. Mpaka hapo nilikuwa nikipapia kurasa nimjue mwizi, na Bi Clack nilimhesabu kama kikwazo njiani. Kuanzia jioni ile nikawa namsoma taratibu, nikijiuliza ni nini kilichopita mbele ya macho yake asikitambue.

Riwaya hii ilitoka mara ya kwanza mwaka 1868, kipande kwa kipande, katika jarida la kila wiki la Charles Dickens. Nikiwafikiria wasomaji wale, waliongoja siku saba kwa kila kipande, nawaonea huruma. Sisi tulishindwa kungoja hata kesho yake.

Usiku ninaoukumbuka kuliko zote ni wa sanduku la bati. Tulikuwa tunajua, tangu kwa mpelelezi Cuff, kwamba mlango wa Rachel ulikuwa na rangi mbichi usiku wa wizi, na kwamba nguo fulani iliigusa ikaacha alama. Ikipatikana nguo yenye doa, amepatikana mwenye kesi. Sasa sanduku linavutwa kwa mnyororo kutoka kwenye mchanga unaotitia ufukweni. Ndani mna vazi la kulalia. Doa lipo. Kilichobaki ni kutafuta jina la mwenye vazi.

Nililisoma lile jina kimoyomoyo kwanza, na ulimi ukaniganda.

"Soma," Mama akasema.

Nikalisoma. Jina lenyewe silitaji hapa, kwa heshima ya atakayekifungua kitabu hiki leo. Mama alikaa kitako kitandani, bandeji jichoni, mkono umenishika kiganja. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Haiwezekani. Rudi kwenye chakula cha usiku."

"Ni kurasa nyingi nyuma, Mama."

"Rudi. Kuna daktari alibishana na mtu mezani."

Nilikuwa nimeyapita mabishano yale bila kuyajali, nikiyaona maneno ya wageni walioshiba. Yeye, kwa kusikia tu, alikuwa ameyahifadhi. Nikarudi kwa Betteredge, kwa sauti yake nzito, nikasoma upya ule ukurasa, na mwili ukanisisimka. Jibu lilikuwa pale muda wote, limesimuliwa na mzee mwaminifu asiyejua amebeba nini.

Tulikesha. Ulipoanza kupambazuka sauti yangu ilikuwa imekwaruza, na Ezra Jennings, yule msaidizi wa daktari ambaye hakuna aliyemtaka, alikuwa ameshika kalamu. Mama alilia kwa ajili yake, nami nikamfuta shavu kwa uangalifu nisiguse bandeji.

Siku bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichoomba ni kitabu. Akakipapasa unene wake, akazitazama herufi asizozielewa, akanirudishia.

"Anza tena na mzee wangu. Safari hii polepole."

Nikavuta kiti.