Picha ya meli

Leo skuli kwetu hapa Wete, Pemba, tumepata taharuki ya bure.

Mapumziko ilianza kuzunguka picha WhatsApp, kwenye simu wanazozificha mikobani: meli imepinduka baharini. Chini imeandikwa, "Asubuhi hii, Nungwi."

Mtoto mmoja wa kidato cha pili, mama yake kasafiri leo kwenda Unguja. Miguu ilimwisha nguvu palepale ukumbini.

Nilitarajia bakora na msako wa simu, maana ndivyo tulivyozoea. Mkuu akisema, basi, imekwisha.

Bi mkubwa wetu huyu, mkuu mpya wa skuli, kwanza alimpigia simu mama wa yule mtoto, akampa mtoto azungumze naye. Alhamdulillah, mzima, keshateremka bandarini Malindi, Unguja.

Ndipo akawakusanya wanafunzi. "Nani kaipiga picha hii? Lini?" Kimya. Akamwita kijana aliyeisambaza, akampa simu yake mwenyewe, akamwelekeza namna ya kuitafuta picha Google.

Ikatoka: ajali ya MV Spice Islander, meli iliyozama karibu na Nungwi ikija Pemba, Septemba 2011.

Kijana aliisoma tarehe mara mbili kwa sauti. Mwaka ule wao walikuwa wachanga, wengine hata hawajazaliwa. Sisi walimu tukainamisha vichwa. Sisi tulizika.

Hakuchapwa. Aliomba mwenyewe aandike kwenye kundi kwamba picha ni ya zamani, na akaandika mbele yetu.

Uongozi wa namna hii naupenda kwa dhati ya moyo.

Jee, skuli zenu wakuu hufanyaje uzushi ukiingia? Walimu na wazazi, hebu nambieni.