Ngezi kwa sinia na brashi

Boti ya Pemba ilikataa chupa yangu ya spiriti ya kuhifadhia thripsi, wadudu niliokuwa nakwenda kuwakusanya huko, na haki yao: kinachowaka hakipandi na abiria. Kilichoniudhi ni bei ya chupa nyengine niliyoinunua Chake Chake. Ilikuwa ya asilimia 95, na kwa haraka ya kuwahi msitu wa Ngezi sikuipunguza makali. Kazi ya siku nzima ikaharibika.

Thripsi ni mdudu wa milimita 1 au 2, mabawa membamba yenye nywele pembeni mfano wa unyoya. Ukimtia kwenye spiriti kali hukakamaa: miguu hujikunja, vipapasio vya kichwani hukatika ukivigusa. Na vipapasio ndivyo unavyohesabu pingili zake ili umjue ni nani. Wa siku ile wamebaki kufaa kwa vipimo vya vinasaba tu. Dawa yenyewe ya kuwahifadhia hutengenezwa hivi: mililita 60 za spiriti ya asilimia 95, ongeza maji mpaka zitimie 95, hapo umepata asilimia 60. Kwa kila sehemu 10 za hiyo, tia sehemu 1 ya gliserini na 1 ya asidi ya asetiki isiyotiwa maji. Humo mdudu hubaki laini, viungo vimenyooka.

Kumkamata si kazi kubwa. Unapiga tawi kwa kijiti juu ya sinia jeupe la plastiki, unamwokota kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa dawa kabla hajaruka. Mti mmoja, kichupa kimoja, na ndani yake kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Wino wa biro huyeyuka ukabaki na maji ya buluu. Ikinyesha usiku, subiri majani yakauke, la sivyo sinia litajaa matone na wadudu waliogandana nayo.

Wengi wetu hukimbilia maua. Lakini kundi la Tubulifera, wenye ncha ya tumbo kama mrija, ni zaidi ya nusu ya aina zote zinazojulikana duniani, na wengi wao hula kuvu. Hao wafuate kwenye matawi yaliyokatika yakaning'inia na majani yao makavu. Tena mdudu mzima kuonekana kwenye ua la mti si ushahidi kuwa mti huo ndio kwao. Huenda ametua tu. Tafuta watoto wake.

Siku tatu zilizofuata zilikwenda hivyo hivyo, na popo wa Pemba wakitoka jioni.

Kurudi tulipita Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, panapotolewa mafuta ya vikonyo vya karafuu. Maabara, mdudu huyu huoshwa kwa maji ya soda kostiki ya asilimia 5 ili matumbo yayeyuke, akapitishwa spiriti ya 70, 80, 95 na safi, kisha hulazwa nusu saa kwenye mafuta ya karafuu mpaka ang'ae, ndipo agandishwe kwenye kioo kwa utomvu wa Kanada, gundi angavu ya mti. Kichupa cha mafuta hayo tunachotumia kimeagizwa Ulaya, na bei yake sitaki kuitaja mbele ya Mpemba. Nikamwomba dereva asimame, niulize kama wanapima kidogo.