Inchi tano za mwaka mmoja

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kaptembwa, Nakuru. Vipimo vyangu viko kwenye daftari lile lile la wateja, ukurasa wa kwanza. Machi ya mwaka juzi kiuno kilikuwa inchi 33. Machi iliyofuata, 38. Mkono wa juu ulikuwa umepungua nusu inchi.

Huo ndio mwaka niliokuwa nikimtoa mama yangu kule Njoro alfajiri, kila Jumanne na Ijumaa, kwenda kusafishwa damu. Usiku naamka kuwaza nauli, halafu silali tena. Sokoni wananiambia, "Mama Brayo, umenona, biashara iko sawa!" Maneno hayo yaliniuma sana.

Mtoto wa dada yangu anasomea uuguzi. "Anti, si chakula peke yake," akaniambia, nami nikamfanya arudie mpaka nikaelewa.

Mawazo yakikubana, ubongo huamuru tezi mbili zilizokaa juu ya figo zitoe kotisoli. Homoni hiyo husafiri na damu, ikaingia ndani ya seli na kushikana na kipokezi chake. Kisha kwa pamoja huingia kwenye kiini cha seli na kuamua jeni zipi zifanye kazi. Lakini vipokezi hivyo havikugawanywa sawa! Mafuta ya ndani kabisa, yale yanayozunguka utumbo, yanavyo vingi kuliko mafuta ya chini ya ngozi ya paja au mkono. Kotisoli ikikaa juu siku nyingi na insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ikiwepo, tumbo ndilo linalowekewa akiba, huku misuli ikimegwa. Tena seli za mafuta zina kimeng'enya chao, yaani protini inayoharakisha mabadiliko mwilini, cha kugeuza kotisoni, isiyo na nguvu, kuwa kotisoli pale pale. Hapo nilinyamaza kwa muda.

Upo ugonjwa unaoitwa kwa jina la daktari Harvey Cushing wa Marekani, ambapo kotisoli huzidi mno: tumbo na uso hujaa, mikono na miguu hukonda. Nilipimwa, sina. Wangu ulikuwa mwaka mgumu tu.

Mama anaendelea na matibabu, sasa tunapokezana na kaka zangu. Juzi mteja aliniletea sketi ya kutanua, mara ya pili tangu Januari, akiomba radhi kama aliyekosa. Nilimwachia inchi mbili kwenye mshono, nikamvutia kiti, nikamuuliza nyumbani kukoje.